Jinsi ya Kuchambua Biashara ya Uturuki na Afrika Bila Kupotezwa na Namba ya Jumla

Msimu wa tasnifu ukikaribia, maswali huja yale yale. "Namba za biashara kati ya Uturuki na Afrika nazipata wapi?" "Mbona namba zao na zetu hazifanani, nani anadanganya?" "Tunanufaika au tunaliwa?" Waandishi wa habari nao huuliza hivyo hivyo kila kiongozi wetu anapokwenda Ankara. Nimejibu mmoja mmoja kwa muda mrefu, na nimeona makosa yanajirudia sana, kwa hiyo leo nayaweka yote mahali pamoja.

Kwa nini Uturuki? Kwanza ni jirani wa bara letu kuliko wengi wanavyodhani: meli ikitoka bandari ya Mersin inakata Bahari ya Mediterania na kutia nanga Alexandria baada ya siku chache tu. Pili, uhusiano wake na Afrika una alama za wakati zinazoonekana wazi, na hilo humsaidia anayeanza. Ukishaiweza Uturuki, utaweza India, Hispania au nchi nyingine yoyote, maana hatua hazibadiliki.

Jambo moja nakuomba ulishike tangu sasa. "Afrika" si mnunuzi mmoja. Zaidi ya nusu ya bidhaa ambazo Uturuki huuza barani huishia pwani ya kaskazini: Misri, Moroko, Libya, Aljeria na Tunisia. Mtu akikupa namba moja ya bara zima, amekuficha karibu kila kitu ulichotaka kujua. Kazi yako katika hatua zote zifuatazo ni kuivunja namba hiyo.

UNAVYOHITAJI KABLA YA KUANZA

Kompyuta yenye Excel au LibreOffice. Simu itakusumbua, majedwali haya yana mistari mingi na utakosea kunakili.

Akaunti za bure kwenye Trade Map (ya Kituo cha Biashara cha Kimataifa kilichoko Geneva) na WITS (ya Benki ya Dunia). Fungua pia UN Comtrade, ambayo ndiyo kisima wanakochota hao wengine wawili kwa sehemu kubwa.

Anwani ya TÜİK, taasisi ya takwimu ya Uturuki. Kwa upande wetu, NBS na Benki Kuu kama unaangalia Tanzania, KNBS kama ni Kenya, na kadhalika kwa nchi yako.

Daftari. Andika humo tarehe uliyopakua kila faili, tovuti uliyoitoa na vichujio ulivyoweka. Watu hulidharau daftari hili, halafu mhadhiri anapouliza "namba hii imetoka wapi?" wanabaki kimya. Takwimu za biashara hurekebishwa mara kwa mara, kwa hiyo namba ya Machi inaweza isiwepo tena Septemba.

Tenga siku mbili au tatu zenye utulivu kwa mara ya kwanza. Ukiifanya usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi, utakosea vipimo.

HATUA ZA KAZI

1. Andika swali lako kwa sentensi moja, halafu lifungie mipaka.

"Uhusiano wa kibiashara kati ya Uturuki na Afrika" ni kichwa cha habari, si swali. Swali ni kama hili: "Je, sehemu ya Afrika katika biashara ya bidhaa ya Uturuki imekua kati ya 2003 na 2022?" Au: "Tanzania inaiuzia Uturuki bidhaa gani, na zimeongezeka aina au ni zile zile?" Swali likiwa na nchi, bidhaa, mwelekeo na miaka, nusu ya kazi imekwisha.

Miaka ichague kwa kufuata matukio. Uturuki ilitoa mpango wake wa kujifungua kwa Afrika mwaka 1998. Mwaka 2005 iliutangaza kuwa Mwaka wa Afrika na ikapata hadhi ya mwangalizi katika Umoja wa Afrika. Mwaka 2008 ikawa mshirika wa kimkakati wa Umoja huo, na mkutano wa kwanza wa viongozi ukafanyika Istanbul mwezi Agosti. Wa pili ulikuwa Malabo, Novemba 2014, na wa tatu Istanbul tena, Desemba 2021.

Tahadhari: usianzie hesabu yako mwaka 2009 wala 2020. Biashara ya dunia nzima ilianguka miaka hiyo, kwanza kwa msukosuko wa fedha, baadaye kwa korona. Ukianzia kwenye shimo, kila kitu baada yake kitaonekana kimepaa.

2. Likate bara vipande kabla hujapakua chochote.

Tengeneza orodha ya nchi kwenye jedwali, na pembeni ya kila nchi andika kanda yake. Mimi huanza na vipande viwili, kaskazini na kusini mwa Sahara, kisha navunja cha pili kuwa mashariki, magharibi, kati na kusini.

Hapa pana mtego. Umoja wa Mataifa unaiweka Sudan kaskazini. Benki ya Dunia inaihesabu kusini mwa Sahara. Umoja wa Afrika unaiweka mashariki, na kaskazini unaihesabu Moritania. Umoja wa Afrika wenyewe una wanachama 55, wakati Umoja wa Mataifa unatambua nchi 54 za bara hili. Tofauti ni Sahara Magharibi. Hakuna jibu moja sahihi hapa, ila ni lazima uchague mpangilio mmoja, uuandike ukurasa wa kwanza, na usiuache njiani. Nimewahi kusoma kazi ambayo jedwali la kwanza limeweka Sudan kaskazini na la tatu limeiweka mashariki, na hitimisho lote likategemea tofauti hiyo bila mwandishi kujua.

3. Pakua namba, pande zote mbili za biashara.

Kwenye Trade Map au Comtrade, chagua Uturuki kama nchi inayotoa taarifa, kisha nchi moja moja za Afrika kama washirika. Pakua mauzo ya nje na manunuzi kutoka nje katika faili mbili tofauti. Ukiitafuta Uturuki usiione, andika "Türkiye". Umoja wa Mataifa ulibadili tahajia ya jina hilo Juni 2022 na hifadhi nyingi za takwimu zimefuata.

Mambo matatu yaangalie kabla hujafunga ukurasa.

Kipimo. Trade Map huonyesha thamani kwa maelfu ya dola, Comtrade kwa dola kamili. Anayechanganya hizi mbili hupata makosa ya mara elfu moja, na huwa hashtuki kwa sababu namba zote ni kubwa.

Sarafu. Tumia dola ya Marekani. Lira ya Uturuki imeshuka thamani mno katika muongo uliopita, kwa hiyo grafu ya lira itapaa hata kama mzigo haujaongezeka hata kontena moja.

Mfumo. TÜİK hutoa takwimu kwa mifumo miwili: wa jumla, unaohesabu pia bidhaa zinazopita kwenye maeneo huru na maghala ya forodha, na wa maalumu, usiozihesabu. Kila mmoja una namba zake. Chagua mmoja kwa miaka yote.

4. Linganisha na takwimu za upande wa pili.

Nitakaa zaidi kwenye hatua hii, maana ndiko swali la "nani anadanganya" linakojibiwa.

Kila safari ya bidhaa huandikwa mara mbili. Forodha ya Uturuki inaandika imeuza Tanzania; forodha ya Tanzania inaandika imenunua Uturuki. Wachambuzi huziita namba hizi takwimu za kioo, kwa kuwa kila moja inapaswa kuakisi mwenzake. Ziweke safu mbili pembeni kwa pembeni, mwaka kwa mwaka, halafu safu ya tatu iwe tofauti yake kwa asilimia.

Hazitalingana. Na mara nyingi hakuna aliyedanganya. Sababu ni hizi:

Muuzaji huandika thamani ya FOB, yaani bei ya mzigo ukiwa umeshapakiwa melini bandarini kwake. Mnunuzi huandika CIF, yaani bei hiyo pamoja na nauli ya meli na bima. Kwa kawaida wachambuzi huruhusu asilimia 6 hadi 10 kwa ajili ya hilo. Tuseme Uturuki imeandika mauzo ya dola milioni 100 na Tanzania imeandika manunuzi ya milioni 107: hapo huna tatizo, endelea.

Muda nao una mchango wake. Mzigo ulioondoka Uturuki Desemba hufika Dar es Salaam au Mombasa mwaka mwingine. Tangu mwishoni mwa 2023, mashambulizi katika Bahari ya Shamu yalizifanya kampuni nyingi za meli zizunguke Rasi ya Tumaini Jema, na safari zikarefuka zaidi. Ukiona pengo la mwaka mmoja linalojifidia mwaka unaofuata, chanzo huenda ni hicho.

Kubwa kuliko zote ni njia ya mzigo. Muuzaji huandika nchi ya mwisho anayoijua. Mnunuzi huandika nchi bidhaa ilikotengenezwa. Sasa fikiria kontena la vyuma linaloshushwa Dar es Salaam likisubiri malori ya Lubumbashi. Uturuki inaweza kuliandika kama mauzo kwa Tanzania, Tanzania ikalihesabu kuwa ni la transiti na kuliacha nje ya manunuzi yake, na Kongo ikaliandika kama manunuzi kutoka Uturuki. Jibuti ina hali hiyo hiyo kwa ajili ya Ethiopia, ambayo haina bahari. Na zipo nguo za Istanbul zinazopitia Dubai kabla ya kufika Kariakoo. Uturuki inaziona zimekwenda Falme za Kiarabu, sisi tunaziona zimetoka Uturuki.

Kwa hiyo pengo likizidi asilimia 10 mwaka baada ya mwaka, usikimbilie kuandika neno magendo. Kwanza jiulize: nchi hii ina bandari inayohudumia majirani? Au haina bandari kabisa? Jibu la swali hilo peke yake hueleza mapengo mengi. Magendo na ankara za uongo zipo, tena zinaumiza nchi zetu, lakini zinahitaji ushahidi wake mbali na pengo.

Kanuni ninayoitumia mimi ni hii: kwa manunuzi ya Afrika, naanza na namba ya nchi inayonunua, kwa sababu forodha huchunguza zaidi mzigo unaotozwa ushuru. Kwa nchi ambayo takwimu zake zina mapengo, nageukia namba ya Uturuki, na ninasema hivyo chini ya jedwali.

5. Pima ukuaji kwa njia tatu, usiishie kwenye moja.

Chukua mfano unaotajwa kila mahali. Serikali ya Uturuki husema biashara yake na Afrika ilikuwa dola bilioni 5.4 mwaka 2003, ikafika bilioni 40.7 mwaka 2022. Gawanya: imekua mara 7.5. Hiyo ndiyo namba utakayoisikia kwenye hotuba, na ni ya kweli.

Sasa ondoa mfumuko wa bei. Kwa bei za walaji za Marekani, kilichonunuliwa kwa dola 1 mwaka 2003 kilihitaji takriban dola 1.6 mwaka 2022. Gawa 40.7 kwa 1.6, unapata kama bilioni 25.4. Ukuaji umekuwa mara 4.7. Bado ni mkubwa, lakini si ule wa mwanzo.

Kisha tafuta sehemu ya Afrika katika biashara yote ya Uturuki. Mwaka 2003 Uturuki iliuza na kununua bidhaa za jumla ya dola bilioni 116.6, mwaka 2022 bilioni 617.9. Afrika ilikuwa asilimia 4.6, ikawa asilimia 6.6. Hiyo ndiyo picha ninayoiamini kuliko zote: biashara ya Uturuki na dunia nzima ilikua mara 5.3, na ile ya Afrika ikakua kwa kasi kidogo zaidi ya hapo. Bara letu limepanda ngazi katika biashara yake. Halijawa nguzo yake.

Umeona jinsi ukweli mmoja unavyoweza kusimuliwa kwa sauti tatu tofauti? Weka zote tatu kwenye kazi yako.

Tahadhari nyingine: mwaka 2022 ulikuwa mwaka wa bei kubwa. Vita vya Ukraine vilipandisha gesi, nafaka na mengineyo. Thamani ikiongezeka, angalia pia safu ya uzito kwenye Comtrade. Kilo zikiwa zile zile na dola zimepanda, kilichokua ni bei.

6. Fungua bidhaa zenyewe.

Bidhaa zote zina msimbo wa HS, unaotumiwa na forodha karibu zote duniani. Tarakimu mbili za mwanzo ni sura, nne ni kichwa, sita ni bidhaa mahususi. Anza na mbili upate picha, halafu shuka hadi nne pale panapokuvutia. Usianze na sita, utazama.

Kwa upande wa mauzo ya Uturuki kwa Afrika, angalia sura ya 72 na 73 (chuma na bidhaa zake), 84 na 85 (mashine na vifaa vya umeme), 57 (mazulia), na vichwa 1101 (unga wa ngano) na 1902 (tambi). Unga una fundisho lake. Uturuki ni miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa unga wa ngano duniani, wakati sehemu kubwa ya ngano inayosagwa kwa ajili ya kuuzwa nje hununuliwa nje, hasa Urusi. Inanunua nafaka, inasaga, inauza unga.

Kwa upande wa manunuzi yake kutoka Afrika, angalia 2711 (gesi, Aljeria imekuwa ikiiuzia Uturuki gesi iliyosindikwa kuwa kimiminika tangu 1994, na Nigeria tangu 1999), 7108 (dhahabu), 2701 (makaa ya mawe ya Afrika Kusini), 1207 (mbegu za mafuta, ufuta ukiwemo) na 1801 (kakao ya Kodivaa na Ghana). Kisha fanya zoezi dogo ninalolipenda: linganisha kichwa 1801, punje za kakao, na 1806, chokoleti. Tazama nani anauza kipi kwa nani. Hakuna aya ya nadharia itakayokueleza vizuri kuliko mistari hiyo miwili.

Usisahau wanaovunja mazoea. Moroko huiuzia Uturuki magari (8703), maana ina viwanda vya kuyaunganisha. Ukiandika kwamba "Afrika huuza malighafi tu", msomaji makini atakuonyesha mstari huo.

7. Tafuta urari nchi kwa nchi.

Urari ni mauzo kutoa manunuzi. Ukiufanya kwa bara zima, dhahabu na gesi za nchi chache zitafunika nakisi (yaani manunuzi kuzidi mauzo) za nchi nyingi. Ukiufanya kwa nchi moja moja, utaona nchi kama Somalia, ambayo hununua mengi na kuuza kidogo sana, na utaona nyingine ambazo mwaka mmoja zina ziada na mwaka unaofuata nakisi kwa sababu ya shehena chache za madini.

Pembeni ya urari weka safu ya mikataba. Uturuki ina makubaliano ya biashara huria yanayofanya kazi na Tunisia (tangu 2005), Moroko (2006), Misri (2007) na Mauritius (2013). Hii haikutokea kwa bahati: tangu mwanzo wa 1996 Uturuki ina umoja wa forodha na Ulaya kwa bidhaa za viwandani, na hufuata nyayo za Ulaya katika kuchagua nani wa kufungua naye mkataba. Kwetu Afrika Mashariki hakuna mkataba wa namna hiyo, kwa hiyo bidhaa ya Uturuki hulipa ushuru wa pamoja wa Jumuiya, ambao viwango vyake vya kawaida ni asilimia 0, 10, 25 na 35.

Kisa cha Moroko kisome kwa makini. Nakisi yake kwa Uturuki ilikua baada ya mkataba, viwanda vya nguo vikalalamika, na mwaka 2020 nchi hizo zikaufanyia marekebisho ili Moroko iweze kurudisha ushuru kwenye baadhi ya bidhaa. Kwa hiyo mtu akikuuliza "nakisi ina ubaya gani?", usijibu kwa nadharia. Mwonyeshe viwanda vipi viliguswa na serikali ikafanya nini.

8. Tenga yasiyokuwa bidhaa.

Hapa ndipo wengi wa Tanzania wanapopotea, kwa sababu jambo lenyewe tunaliona kwa macho. Kampuni ya Uturuki ya Yapı Merkezi, ikiwa na Mota-Engil ya Ureno, ilipata mwaka 2017 kazi ya kujenga kipande cha kwanza cha reli ya SGR, Dar es Salaam hadi Morogoro, kisha ikaendelea na vipande vingine. Mwanafunzi anachukua thamani ya mkataba na kuijumlisha kwenye mauzo ya Uturuki kwa Tanzania. Usifanye hivyo. Mkataba wa ujenzi ni huduma. Ndani yake kuna mishahara ya Watanzania, kokoto za hapa hapa, na vifaa kutoka nchi nyingine. Vichwa vya umeme na treni za kisasa zilizoanza kubeba abiria 2024 zilitengenezwa Korea Kusini na Hyundai Rotem. Kinachoingia kwenye takwimu za bidhaa ni kile tu kilichotoka Uturuki na kupita forodha.

Tiketi za ndege na ada za wanafunzi wanaosoma kule ni vivyo hivyo. Fungua sehemu yake ndani ya kazi yako, ipe jina "huduma na ujenzi", na uieleze vizuri, maana ni nusu ya uhusiano wenyewe. Wakandarasi wa Uturuki walianza kazi zao za nje huko Libya mwaka 1972, miaka 26 kabla ya mpango wa 1998. Ukiangalia bidhaa tu, historia hiyo huioni.

9. Andika ulichokiona, si ulichotarajia kukiona.

Kosa la mwisho ni la sababu. Uturuki ilikuwa na balozi 12 barani mwaka 2002, na baada ya miaka 20 zikawa 44. Biashara nayo ilikua. Ukiandika "balozi zimekuza biashara", umeruka mto usiokuwa na daraja. Huenda ni hivyo, huenda biashara ndiyo iliyozivuta balozi, huenda vyote viwili vilisukumwa na jambo la tatu. Angalia nchi moja moja: ubalozi ulifunguliwa mwaka gani, na mauzo yalianza kupanda kabla au baada? Ukilifanya hilo kwa nchi tano tu, utakuwa umefanya kazi ambayo wengi hawaifanyi.

MAMBO YAKIKWAMA

Nchi haina takwimu kabisa. Somalia na Eritrea ni mifano ya kawaida, na Libya ina miaka yenye mapengo. Tumia kioo: chukua kile Uturuki inachosema imewauzia na imenunua kwao. Andika wazi kwamba ni namba ya upande mmoja. Seli tupu usiijaze sifuri. Sifuri maana yake hakukuwa na biashara. Tupu maana yake hakuna taarifa.

Sudan inaporomoka ghafla baada ya 2011. Sudan Kusini ilijitenga Julai mwaka huo na hifadhi zikafungua misimbo mipya. Tafuta Sudan ya zamani na mbili za sasa, kisha uamue kama utazijumlisha kwa mfululizo mmoja.

Afrika Kusini haionekani kabla ya 2000. Ilikuwa ikihesabiwa pamoja na majirani zake chini ya Umoja wa Forodha wa Kusini mwa Afrika. Ama anza mwaka 2000, ama tumia takwimu za Uturuki.

Bidhaa imetoweka mwaka fulani. Misimbo ya HS hurekebishwa kila baada ya miaka kama mitano. Ya karibuni ni 2012, 2017 na 2022. Droni, kwa mfano, zilipata kichwa chake 8806 kwenye toleo la 2022 tu. Unapofuatilia miaka mingi, iambie WITS au Comtrade ikupe zote kwa toleo moja la zamani.

Kuna mstari mkubwa wa "maeneo yasiyotajwa". Nchi huweza kuficha mshirika kwa bidhaa nyeti, hasa nishati. Usiugawe kwa kukisia. Uache ulivyo, utaje ukubwa wake, na kwa gesi tafuta takwimu za nchi inayouza.

Jumla yako hailingani na ya hotuba. Angalia kwa mpangilio huu: mwaka ni ule ule? Sudan umeiweka wapi? Mfumo ni wa jumla au wa maalumu? Faili umepakua lini? Mara nyingi jibu liko ndani ya manne hayo.

Namba za nchi yako hazikai kwenye mwaka wa kalenda. Misri huchapisha takwimu nyingi za benki kuu kwa mwaka wa fedha, Julai hadi Juni, na Ethiopia ina mwaka wake wa fedha unaoanza mwanzoni mwa Julai. Uturuki hutumia Januari hadi Desemba. Hapa usigawe kwa mbili ili kukisia. Pakua takwimu za mwezi mmoja mmoja na uzijumlishe mwenyewe, miezi 12, kuanzia Januari.